William Alford Lloyd, mfunga vitabu aliyejua nguvu ya maji ya chini

Kila mtu aliyefanya kazi chini anajua sauti ya pompi. Unaweza kukaa nayo masaa nane bila kuisikia, kwa sababu sikio limeizoea. Lakini siku inanyamaza, wote munainua vichwa pamoja. Hakuna anayeuliza kuna nini. Munajua maji yameanza kupanda, na munajua njia ya kutokea iko wapi.

Leo ninawaletea maisha ya mtu aliyeishi na sauti ile ile, lakini yeye hakuwa mchimba migodi. Alikuwa anatunza viumbe vya bahari ndani ya masanduku ya vioo, mbali na bahari. Masanduku hayo njo yale tunaita akwariomu. Kwake pia, kama pompi inasimama, kifo kinaanza. Jina lake ni William Alford Lloyd. Wakati wake, watu wa Paris, Hamburg, London na Napoli walimjua sana, na wote wanaofuga viumbe vya baharini leo wanatumia kazi yake, hata kama wengi hawajui tena jina lake.

Lloyd alizaliwa Wales, nchi ya makaa ya mawe, katika miaka ya 1820. Hakuwa mtoto wa tajiri wala mtu wa masomo makubwa. Alipofika London alikuwa anafanya kazi ya kufunga vitabu, maana yake kushona karatasi za watu wengine na kuzivika ngozi. Vitabu vilipita mikononi mwake kutwa nzima, na inaonekana hakuviacha vipite bure. Alisoma habari za viumbe vya maji, akaanza kuvifuga nyumbani katika vyombo vidogo.

Kwanza tuelewe shida iliyokuwako wakati ule. Ukichukua maji ya bahari, ukayatia ndani ya kilauri kikubwa, ukaweka samaki wawili watatu, siku ya kwanza ni furaha. Siku ya tatu maji yanakuwa na ukungu. Siku ya tano yananuka. Samaki wanapumua, wanakula, wanatoa choo. Chakula kilichobaki kinaoza chini. Ule uchafu unatoa sumu, na hewa iliyomo ndani ya maji inaisha. Ni sawa na galeri ambayo haina ventilasyo: watu ni wale wale, mwamba ni ule ule, lakini hewa imekwisha kazi yake.

Dawa ya wengi ilikuwa kumwaga maji na kuleta mengine. Kwa mtu wa pwani ni rahisi. Kwa mtu wa London, ni gharama kubwa, na tena kila kubadilisha kunasumbua viumbe.

Mwaka 1846, mama mmoja wa ukoo mkubwa, Anna Thynne, alichukua matumbawe hai (wengine wanasema korali) kutoka pwani ya Torquay, akayabeba mpaka nyumbani kwake Westminster, katikati ya London. Matumbawe ni wanyama wadogo wenye mifupa ya chokaa, wanakaa wamekamata jiwe, hawawezi kuhama kutafuta maji mazuri. Maji njo yanapaswa kuwafikia. Mama Thynne aliona kwamba maji yale yale yanaweza kutumika tena kama yanamiminwa kutoka chombo kimoja kwenda kingine mbele ya dirisha wazi, nusu saa na zaidi kila mara, ili yashike hewa. Matumbawe yake yaliishi miaka mitatu hivi, jambo ambalo watu wa sayansi walishangaa.

Lakini nani alikuwa anamimina? Si yeye. Alikuwa msichana, mtumishi wake wa nyumba. Mama Thynne mwenyewe aliandika kwamba kazi ile inachosha, na msichana aliifanya kwa moyo mwema. Jina la yule msichana hakuliandika. Mimi ni mtu wa sendika, munisamehe kama ninasimama hapo kidogo. Pompi ya kwanza ya matumbawe katika London ilikuwa mikono miwili ya mtoto wa watu, na mpaka leo hatujui alikuwa anaitwa nani.

Turudi kwa Lloyd. Mwaka 1853, bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya kwanza ya akwariomu kwa watu wote. Mwanasayansi Philip Henry Gosse, ambaye aliwapelekea viumbe vingi, aliandika kitabu mwaka uliofuata, na homa ya akwariomu ikashika Uingereza yote. Kila nyumba yenye pesa ilitaka sanduku la vioo sebuleni. Lloyd aliacha kufunga vitabu, akafungua duka Portland Road, karibu na Regent's Park. Aliuza vyombo, viumbe, mimea, na maji ya bahari yenyewe. Mwaka 1858 alitoa katalogi nene ya bidhaa zake, karibu kitabu kizima.

Duka lilikuwa shule yake. Mtu mwenye chombo kimoja akipoteza samaki, anasema ni bahati mbaya. Lloyd alikuwa na vyombo vingi, na kila kiumbe kilichokufa kilikuwa pesa yake iliyokufa. Akaanza kuangalia vizuri: maji gani yanaharibika haraka, gani yanadumu, na kwa nini.

Aliona mambo matatu. La kwanza, maji yaliyosimama ndiyo yanaoza; yanayotembea yanakamata hewa, na hewa inamaliza uchafu. La pili, mwanga mwingi unafanya maji yawe kijani, lakini yakiwekwa gizani yanarudi kuwa meupe. Fundi mwingine wa Wales, Edward Edwards wa Menai Bridge, alikuwa ametengeneza chombo chenye sehemu ya giza nyuma, na Lloyd aliichukua ile akili. La tatu njo kubwa kuliko yote: maji mengi yanashinda uchafu, maji kidogo yanashindwa. Chakula kilekile kilichooza kinaweza kuua kilauri kizima, lakini ndani ya ziwa hakuna atakayejua.

Akaunganisha yote matatu. Akasema: tusijenge vyombo vya kuonyesha peke yake. Chini yake, gizani, tujenge hifadhi kubwa ya maji, kubwa kuliko vyombo vyote vya juu vikijumlishwa pamoja, tena mara kadhaa. Kati ya juu na chini tuweke pompi. Maji yapande, yapite kwenye viumbe, yakusanye uchafu wao, yashuke katika giza na baridi ya hifadhi, yapumzike, yasafike, yapande tena. Usiku na mchana, bila kusimama. Na maji yasitupwe. Yale yanayopotea kwa jua na hewa, unarudisha maji ya kawaida yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haipandi na mvuke, inabaki ndani.

Leo tunaona ni jambo wazi. Wakati ule wengi waliona ni wazimu. Nani atalipa pesa ya kuchimba hifadhi kubwa ambayo hakuna mtembezi atakayeiona?

Wafaransa walimpa nafasi. Katika bustani ya Jardin d'Acclimatation, huko Bois de Boulogne, Paris, Lloyd alifanya kazi ya akwariomu iliyofunguliwa mwaka 1861, na maji yake yalikuwa yanazunguka. Mfunga vitabu wa jana akawa mtu wa kuitwa na miji mikubwa.

Lakini nyumbani mambo yaliharibika. Ile homa ya akwariomu ilipita kama ilivyokuja. Watu walichoka na vyombo vilivyonuka, kwa sababu wengi hawakutaka kujifunza kazi, walitaka tu pambo la sebuleni. Masanduku yaliuzwa, mengine yalipandwa maua. Mwaka 1862 Lloyd alifilisika. Duka likaisha. Wale kati yetu walioona sosiete inafunga milango na watu wanabaki na ufundi mikononi bila kazi, wanaweza kufahamu hali yake.

Ufundi njo ulimwokoa. Bustani ya wanyama ya Hamburg, Ujerumani, ilikuwa inataka akwariomu, ikamwita. Hamburg ni mji wa bandari, lakini bandari yake ni ya mto Elbe. Bahari yenyewe iko mbali karibu kilometa 100. Njo maana maji ya bahari yalikuwa mali ya kutunza. Akwariomu ilifunguliwa mwaka 1864, na Lloyd alibaki akiitunza miaka kadhaa. Kule mpango wake ulionyesha nguvu: maji yale yale yakazunguka mwaka hadi mwaka, na viumbe vikaendelea kuishi.

Halafu Uingereza ikamwita arudi. Huko Sydenham, kusini ya London, kulikuwa Crystal Palace, jumba kubwa sana la vioo na chuma, ambapo maelfu ya watu walikuja kutembea. Sosiete ya akwariomu ilitaka kujenga hapo, na mwaka 1871 nyumba ya Lloyd ikafunguliwa. Maji ya bahari yaliletwa na treni kutoka Brighton, yakatiwa katika hifadhi chini ya ardhi. Juu kulikuwa vyombo kama 60, vikubwa na vidogo. Lakini hifadhi ya chini, ambayo mtembezi hakuiona, ilibeba maji mara 4 ao 5 kuliko vyombo vyote vya juu. Kwa kila beseni moja la maji ambayo watu walishangilia, kulikuwa mabeseni mengi gizani yanayolishikilia.

Mashini za mvuke zilisukuma maji bila kupumzika. Lloyd alitaka kila kitu kiwe viwili: mashini mbili, pompi mbili, ili moja ikivunjika nyingine iwake. Mafundi wa pompi wanaosoma hapa watacheka, kwa sababu ni kilio chao cha kila siku: pompi ya akiba si anasa. Yeye alikielewa miaka zaidi ya 150 iliyopita, kwa ajili ya kamba wadogo na samaki. Sisi tunadai kwa ajili ya watu.

Kuna jambo lingine ambalo sisi watoto wa Katanga tunapaswa kulisikia. Lloyd alikataa maji ya bahari yaguse chuma. Pompi zake na tiyo zake zilitengenezwa kwa mpira mgumu, ule ulioivishwa na salfa mpaka ukawa kama mfupa. Maji ya chumvi yanakula chuma, na madini yanayotoka yanaua. Na kati ya madini yote, shaba ni adui mbaya wa viumbe visivyo na uti wa mgongo: matumbawe, kamba, konokono wa bahari. Shaba kidogo sana, ambayo jicho halioni na ulimi hauonji, inatosha kuvimaliza. Mpaka leo, mtu anayefuga matumbawe hawezi kuweka kipande cha shaba karibu na maji yake. Sisi tumekula ugali kwa shaba, tumesomesha watoto kwa shaba, si mimi nitakayeitukana. Lakini ni vizuri mchimba shaba ajue kwamba kile kinachotupatia uhai kinaweza kuondoa uhai kikiingia majini.

Kuhusu uchafu, Lloyd alikuwa mkali. Chakula kinachobaki kitolewe. Kiumbe kilichokufa kitolewe upesi, kabla hakijaoza. Usijaze viumbe vingi kuliko nguvu ya maji, hata kama watembezi wanataka kuona wengi. Na kama maji yameharibika, usikimbilie kuyamwaga: yapeleke gizani, uyazungushe, uyape muda. Hakuona maji machafu kuwa maji yaliyokufa. Kwake yalikuwa maji yaliyochoka.

Ukali wake ulimletea maneno. Katika miaka ya 1870 miji mingi ilijenga akwariomu, kwa sababu wenye pesa waliona faida. Lloyd aliandika barua na makala nyingi kwenye magazeti, akilaumu zile nyumba zenye vyombo vikubwa vya kuvutia macho na hifadhi ndogo. Kwake ilikuwa kama kujenga jumba bila msingi. Wakubwa wa sosiete hawapendi maneno ya namna hiyo. Kila franka iliyotumika chini haionekani na mwenye hisa, na ile inayotumika juu inaleta watembezi. Ni mabishano ya zamani, na nyinyi munayajua: ofisi inapakwa rangi mpya, lakini ukiomba mbao za kushikilia dari ya galeri, unaambiwa ungoje.

Mtu mmoja alimsikia vizuri sana. Mjerumani Anton Dohrn, mwanasayansi, alikuwa anajenga Napoli, Italia, nyumba ya utafiti wa bahari yenye akwariomu ya watu wote chini yake. Pesa za watembezi zingesaidia wanasayansi kufanya kazi. Dohrn alichukua msaada wa Lloyd kwa mpango wa maji. Akwariomu ilifunguliwa Januari 1874. Nyumba ile iko hatua chache tu na bahari, mtu angeweza kusema hakuna lazima ya hifadhi. Lakini hata pale maji yalipita katika hifadhi za chini kabla ya kupanda kwa viumbe. Wanasayansi wa nchi nyingi walikwenda kufanya kazi Napoli, na wanyama waliowachunguza waliishi katika maji yaliyozungushwa kwa akili ya mfunga vitabu.

Lloyd alikufa mwaka 1880, hata miaka 60 hakuifikisha. Akwariomu ya Crystal Palace ilififia baada yake, ikafungwa, na jumba lenyewe liliungua lote mwaka 1936. Ile ya Napoli ipo mpaka leo.

Sasa jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua mpaka mwisho. Lloyd aliamini kwamba hewa peke yake ndiyo inaunguza uchafu katika maji. Alikuwa na haki nusu. Mwaka 1877, Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walionyesha kwamba uchafu wa maji machafu haugeuki wenyewe: kuna viumbe hai vidogo vinavyoufanyia kazi. Mwaka 1890, Mrusi Winogradsky, akiwa Zürich, alivitenga na kuvitambua. Ni bakteria. Kundi moja linachukua ile sumu inayotoka katika choo cha samaki na kuigeuza. Kundi la pili linapokea na kuigeuza tena mpaka inakuwa kitu kisicho na ukali. Vinahitaji hewa, vinahitaji mahali pa kukamata, havihitaji mwanga. Kumbe ile hifadhi ya giza haikuwa tupu. Kwenye kuta zake na kwenye mawe yake kulikuwa wafanyakazi wasiohesabika, wanafanya poste ya usiku na ya mchana, wakimaliza sumu ya juu. Lloyd aliwajengea nyumba bila kujua kama wapo.

Leo watu wa nchi nyingi wanafuga matumbawe ya bahari za joto nyumbani. Ukiangalia chini ya meza ya chombo, utakuta sanduku la pili lililofichwa, na pompi. Ni hifadhi ya Lloyd, imefanywa ndogo tu. Pompi nyingine zinasukuma maji mara huku mara kule kama mawimbi, kwa sababu matumbawe hayawezi kuhama: mkondo njo unawaletea chakula na hewa, na unawaosha uchafu wasizame ndani yake. Na kuna chombo kinachopuliza mapovu madogo sana katika maji. Uchafu unashika mapovu, unapanda na povu, unamwagwa kando. Wenzetu wa konsantrateri hawahitaji maelezo. Ni jamaa wa ile flotasyo yao inayotoa shaba katika unga wa mawe. Kwetu povu ni mali na kinachobaki ni takataka. Kwao povu ni takataka na kinachobaki ni mali.

Kwa nini nimeandika habari za vioo na samaki kwa watu wa mgodi? Kwa sababu mtoto wangu aliona picha ya matumbawe kwenye simu, rangi za ajabu, akaniuliza yanaishi namna gani ndani ya nyumba. Nilipotafuta jibu nilikutana na huyu mtu, na nilikuta kwamba jibu liko chini ya meza, mahali ambapo picha haifiki.

Ndugu wachimbaji, wake zetu na watoto, kila kitu kizuri kinachoonyeshwa juu kina hifadhi yake chini. Taa za mji, simu, gari zinazotembea kwa umeme, zinashikiliwa na watu walio gizani, na hao nao wanashikiliwa na pompi, na ventilasyo, na mama aliyeamka saa kumi ya usiku kuweka maji ya moto. Lloyd alipigana miaka mingi na wenye pesa ili sehemu ya chini ipewe nafasi yake na gharama yake, akasema bila hiyo vya juu vitakufa. Tutakapokaa tena na wakubwa kuzungumza pompi ya akiba, tukumbuke kwamba hatuombi zawadi. Tunasema lile lile alilosema fundi wa vitabu. Na tuandike majina ya wanaozungusha maji, wasipotee kama yule msichana wa Westminster.